Matundu Manane ya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Naanza kuandika kwa sababu nisipoandika nitasema, na nikisema nyumba itawaka moto. Wifi yangu ameanza kazi leo kwenye kampuni yetu ya vifurushi, na aliyemtafutia hiyo kazi ni mimi mwenyewe. Mume wangu alinisumbua mwezi mzima: mdogo wangu amemaliza chuo, ana vyeti vya mitandao, hebu msemee kwa Meneja. Nikamsemea. Nilidhani atawekwa kaunta na makarani wa vifurushi. Amewekwa chumba cha mitambo, meza ya pili, ile ya karibu na dirisha niliyoomba mimi nikaambiwa pale panavuja.

Nikamwonyesha kasha langu, kule chumba cha chini. Ni kabati fupi la chuma lenye matundu kumi na sita kwa mbele, na kila tundu linameza seva moja nyembamba. Sisi tunaziita bledi. Kwa nyuma kuna swichi mbili zinazoziunganisha seva zote na mtandao. Seva ikichomekwa, kasha linaipa kitambulisho: jina, mtandao wake na anwani zake. Seva ikifa unaichomoa, unachomeka nyingine tundu lile lile, nayo inaamka na kitambulisho cha marehemu. Huko nje hakuna anayejua kama kuna aliyekufa.

Jambo hilo nimelieleza kwa watu wengi na siku zote nilikuwa naliona zuri. Leo nilipokuwa namweleza yeye, akiitikia kwa kichwa kama anayejua mwisho wa hadithi, nilisikia baridi mgongoni.

Nilizo nazo ni seva nane, na majina nilizipa mimi: Sufuria, Mwiko, Chujio, Kinu, Ungo, Karai, Birika, Kijiko. Aliposoma akacheka. Akasema ni majina mazuri. Sijui alimaanisha nini.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya tatu tu, na madereva wameshaanza kumwita Injinia. Mimi miaka yote hii naitwa Dada wa Nyaya.

Jumanne, 11 Machi

Kikao. Kasha jipya limefika, litafungwa ghorofa ya juu kwa ajili ya mfumo mpya wa kufuatilia vifurushi. Meneja akasema pia kwamba msimamizi wetu anastaafu mvua zikiisha, na kiti chake atakikalia mmoja wetu, hataleta mtu wa nje. Nilikaa wima. Ni nani mwingine kama si mimi?

Kisha wifi akanyoosha kidole. Alishauri kasha la zamani nalo lipandishwe juu kabla ya mvua, maana chumba cha chini sakafu yake iko chini ya usawa wa barabara na nyaya zote zinapita chini ya sakafu. Alisema kwa adabu, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Wiki moja kazini, ameshaniona mimi sina macho.

Nikasema kasha lile halijapata tone la maji tangu lifungwe, na kulizima ni kusimamisha kaunta zote. Nikasema lisiguswe. Meneja akaniangalia, akamwangalia yeye, akaamua kasha libaki chini kwa sababu mimi ndiye ninayelijua. Nilirudi mezani kwangu nimevimba kichwa kiasi kwamba chai niliinywa bila sukari na sikugundua.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza, nyepesi. Binti yangu amekataa nimsuke. Anamsubiri shangazi yake, eti shangazi haumizi. Kichwa hicho nimekizaa mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Wifi amekuja mezani kwangu na swali. Anaanza kupanga mtandao wa kasha jipya, na anwani ambazo kasha hugawia seva hutoka kwenye fungu. Yapo mafungu mengi. Unachagua moja siku ya kwanza, na makasha mawili yaliyo kwenye mtandao mmoja hayatakiwi kutumia fungu moja. Akaniuliza kasha langu linatumia fungu lipi.

Wakati huo Meneja alikuwa ametoka mezani kwake kumpongeza kwa mchoro wake wa mtandao, mchoro wa rangi nne, na kila neno la sifa nililisikia. Nikamwambia, la kwanza. Akauliza kama nina uhakika, maana nywila ya kasha langu hana na hawezi kuangalia mwenyewe. Nikamwambia kasha hilo nimelifunga kwa mikono yangu hii. Nywila aliyoidokeza nikajitia sikuisikia.

Akasema, "Ahsante, wifi, basi mimi nachukua la pili."

Jumatatu, 24 Machi

Nimepanda juu kuchungulia. Huwezi kuamini: Injinia wetu ameanza kuchomeka seva zake kuanzia tundu la tisa. Matundu manane ya kushoto ameyaacha matupu, ameyaziba kwa vifuniko. Kila mtu duniani anaanza la kwanza. Nimemsimulia mlinzi, tukacheka mpaka mbavu zikauma, ingawa mlinzi nadhani alinicheka mimi ninavyocheka.

Jumamosi, 29 Machi

Mama mkwe amekuja kututembelea. Amemwaga sifa tangu kuvua viatu mpaka kuvivaa: mwanangu ana akili, mwanangu amewekwa juu. Nikakumbusha kwamba mimi ndiye niliyemsemea. Akasema, "Na Mungu akuzidishie," kisha akaendelea pale pale alipoachia. Nimeosha vyombo kwa kelele.

Jumatano, 2 Aprili

Kasha jipya limewashwa kwa majaribio, peke yake, bado halijaunganishwa na mtandao wa ofisi. Taa zote za kijani. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, mara mbili tatu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimechoka lakini lazima niandike.

Jana asubuhi wifi aliunganisha kasha lake na mtandao wa ofisi. Kabla ya chakula cha mchana kaunta zikaanza kulalamika. Mfumo unakuja, unapotea, unarudi. Karani anaandika bei ya kifurushi, anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, inakubali. Wa pembeni yake anakatika. Foleni ikatoka mpaka mlangoni, wateja wamelowa na wamekasirika.

Wa kwanza kufurahi ni mimi. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa mezani, miguu nimeikunja, nikisubiri Meneja aseme kwa sauti: nani ameharibu? Alisema kweli, na macho yote yakapanda ghorofani. Makarani wakaanza minong'ono, Injinia wa vyeti, Injinia wa rangi nne. Nikasikia utamu ambao sijausikia kwa muda mrefu.

Leo asubuhi Meneja ameniamuru nishirikiane na wifi, na nimpe nywila. Tukakaa naye mbele ya skrini moja. Akafungua kasha langu, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa anwani. Imeandikwa hapo waziwazi: fungu la pili.

Nilikumbuka palepale. Siku tuliyolifunga kasha lile, mimi na fundi aliyekwisha hama, tulichagua la kwanza, tukakosea kitu kingine, tukafuta yote na kuanza upya. Mara ya pili tulichagua la pili. Nilichokibeba kichwani miaka yote ni ile mara ya kwanza.

Kwa hiyo Sufuria ya chini ilikuwa na anwani moja na seva mojawapo ya juu, Mwiko na nyingine, hivyo hivyo zote nane. Ni kama nyumbani kwetu mtu akiita wifi: tunaitika wawili, na anayefika kwanza ndiye anayepewa kilichokuwa kinagawiwa. Mtandao ulikuwa unapeleka ujumbe huku, ukijirudi unapeleka kule.

Wifi aliusoma mstari huo mara mbili. Kisha akapanda juu, akazima seva zake zote, maana huwezi kubadilisha anwani seva ikiwa imewashwa, akahamia fungu la tatu, akaziwasha. Kaunta zikatulia.

Meneja akaja kuuliza kosa lilikuwa la nani. Nilifungua mdomo, sijui kingetoka nini. Wifi akawahi, "Sikuhakikisha mwenyewe, Meneja. Nitahakikisha siku nyingine."

Hakunitazama. Angenitazama kidogo tu ningepata cha kumchukia.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Hatujazungumza zaidi ya salamu.

Alhamisi, 17 Aprili

Tangu apewe nywila, anaingia kwenye kasha langu kila siku saa ya chakula. Mashine yenyewe inaweka kumbukumbu ya aliyeingia, na mimi nazisoma kumbukumbu hizo kama wengine wasomavyo magazeti. Leo ameingia, amefungua kitambulisho cha Chujio, amekaa, ametoka. Jana Mwiko. Juzi Sufuria.

Hagusi chochote. Anaangalia tu. Anatafuta makosa yangu mengine, ayapange yote yawe tayari kiti cha msimamizi kitakapotangazwa. Nani angefanya vingine? Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Ijumaa, 18 Aprili

Kinu.

Jumatano, 23 Aprili

Ungo, Karai. Mvua haikati. Ukuta wa chumba cha chini una doa la unyevu upande wa kiyoyozi. Nimelisogezea kabati la mafaili.

Jumatano, 30 Aprili

Nimegombana na mume wangu. Nilimwambia mdogo wake ananichimba. Akaniuliza amesema nini. Nikasema hajasema kitu, ndiyo kazi yenyewe, kimya kama maji ya mtungini. Akaniuliza amefanya nini. Nikasema anaangalia seva zangu. Mume wangu ni fundi makochi, hakuelewa, lakini alijaribu. Akasema nikimwelezea vizuri ataongea naye.

Nilipoanza kueleza vizuri ilibidi nifike kwenye lile fungu la kwanza na la pili. Nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda kulala.

Binti yangu kasukwa. Amependeza, ndilo tatizo.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Doa limepita kabati.

Jumatano, 7 Mei

Jana sikuweza kushika kalamu.

Jana asubuhi, watu ndiyo kwanza wanafungua kaunta, mlinzi akaja mbio akisema chumba cha chini kinalia. Alimaanisha king'ora cha unyevu. Nilipofungua mlango, maji hayakuwa juu ya sakafu. Yalikuwa chini yake, kule zinakopita nyaya, na vigae vya sakafu vilikuwa vinapumua kila nilipokanyaga. Kupitia nafasi kati ya vigae niliyaona maji meusi yakizunguka nyaya za umeme wa kasha langu.

Kikao cha Machi chote kikanirudia kichwani, neno kwa neno. Lisiguswe.

Nikazizima seva moja moja kwa utaratibu, Kijiko mwanzo, Sufuria mwisho. Mlinzi akakata umeme. Wifi alikuwa ameshafika, amevua viatu, suruali kaikunja. Sikumwita. Tukaanza kuchomoa. Bledi ni nzito kuliko inavyoonekana, unaibeba kifuani kama mtoto aliyelala. Tukazipandisha ngazini, mimi, yeye na mlinzi, na maji nyuma yetu yakaanza kutoka kwenye vigae. Tuliporudi kuchukua ya mwisho yalikuwa yamefika kwenye kifundo cha mguu.

Juu, nikakaa sakafuni kati ya seva zangu nane. Nilikuwa nimeziokoa na bado nilikuwa nimeziua. Seva bila kitambulisho chake ni chuma tu. Ingenibidi nitengeneze vitambulisho vinane upya kwenye kasha la wifi, na kila kaunta, kila printa, kila leseni ya programu inazijua seva hizo kwa anwani zake za zamani, nazo zimebaki kwenye kasha lililo majini. Ni kazi ya siku mbili, tatu. Chini, foleni ilikuwa imeshaanza kupiga kelele.

Wifi akaanza kung'oa vifuniko vya matundu ya kushoto. Kimoja, cha pili, mpaka cha nane. Akasema nimpe Sufuria.

Nikamwambia achomeke wapi, na kitambulisho hakuna?

Akanigeuzia skrini. Upande wa kushoto, tundu la kwanza: Sufuria. La pili: Mwiko. Chujio, Kinu, Ungo, Karai, Birika, Kijiko, herufi kubwa mwanzoni kama ninavyoandika mimi. Nikafungua cha Sufuria. Mitandao yake ipo. Anwani zake zipo, zile zile za zamani, hazikutoka kwenye fungu lolote, ziliandikwa kwa mkono tarakimu moja moja. Nikafungua cha Kinu. Vivyo hivyo.

Saa za chakula zote zile.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu huku anafuta maji kwenye bledi kwa kitambaa, bila kuniangalia, "Ningekuambia ungekataa, wifi. Tangu kikaoni nilijua maji yatakuja. Nikakuachia nafasi, nikasubiri."

Tukachomeka. Kila moja ilikoroma, feni zikapiga kelele, taa ikawa ya manjano, tukasubiri, ikawa ya kijani. Kaunta zilirudi kabla ya chakula cha mchana, na makarani hawakujua kwamba seva zimehama nyumba.

Ningependa kuandika kwamba nilimshukuru. Nilichosikia kwanza ni wivu, mkali kuliko wote wa msimu huu. Kwamba wakati mimi namhesabia siku za kuingia, yeye alikuwa ananihesabia matundu. Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira, kisha nikalia vingine.

Alhamisi, 8 Mei

Meneja ameita watu wote ghorofani. Alisimama mbele ya kasha akasoma majina kwenye skrini, akacheka, akasema nani mwingine anaweza kuita seva Karai. Kisha akaacha kucheka. Akasema ametafakari sana baada ya lile tatizo la Aprili, na alichokiona juzi kimemwonyesha maana ya uzoefu: mtu aliyejiandaa kimya kimya, wiki kadhaa kabla, akaandaa kila kitu ili kampuni isisimame. Akanigeukia mimi. Akasema, mbele ya madereva na makarani wote, kwamba kuhusu kiti cha msimamizi yeye hana tena maswali.

Makofi yakapigwa. Wifi naye alipiga, akiangalia mikono yake.

Ilikuwa rahisi mno. Sikuhitaji hata kusema uongo, nilitakiwa tu kutabasamu na kushukuru. Nilikwisha nyamaza mara moja mwezi wa nne, na kunyamaza si kazi ngumu ukishazoea. Nilikiona kile kiti, meza yake, mlango wake wenye kitasa. Nilimwona mama mkwe akivua viatu.

Nikasema, "Meneja, majina ni yangu. Kazi ni ya wifi yangu."

Makofi yakafa. Nilikuwa nimeshaanza, nikamaliza: kwamba aliyekataa kasha lihamishwe ni mimi, na kwamba fungu la Aprili aliniuliza, nikamjibu bila kuangalia. Meneja akakunja uso, akasema tutaongea.

Nimejuta njia nzima ya kurudi nyumbani.

Ijumaa, 9 Mei

Bado najuta.

Jumatatu, 19 Mei

Imetangazwa. Wifi ndiye msimamizi. Mimi nimepewa onyo la mdomo na nimebaki na meza yangu. Madereva wamemwinua juu juu. Mume wangu amenunua soda, akawa hajui ampe pole nani na hongera nani, akatumiminia sote kimya kimya. Mama mkwe alipiga simu. Aliomba kuongea na mimi kwanza, jambo ambalo halijapata kutokea. Akaniambia, "Mwanangu ameniambia yote." Sikujua yote ni yapi. Akasema ahsante, akakohoa, akaomba apewe wifi.

Roho inaniuma. Sitaandika kwamba haiumi.

Jumapili, 25 Mei

Jua. Binti yangu amesukwa barazani. Nilikaa karibu nikatazama vidole vya shangazi yake vinavyoanza, vinavyoshika nywele chache chache. Kweli haumizi. Nikamwomba anionyeshe. Nimesuka mistari miwili ya nyuma, imepinda, mtoto hakulia.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Kasha langu la zamani limetolewa nje, limekaa juani karibu na geti, matope yamekaukia ndani ya matundu. Nilisimama nalo kidogo.

Kasha la tatu limefika kwa ajili ya tawi jipya, nalo litaunganishwa na mtandao huu huu. Msimamizi amekuja mezani kwangu na mchoro wake wa rangi nne. Amepewa ofisi yenye mlango, lakini bado anakuja mwenyewe. Amekwisha kuniambia kwamba kasha hilo nitalifunga mimi. Kisha akauliza mafungu yapi yameshatumika. Nywila zote anazo na angeweza kuangalia mwenyewe.

Jibu lilikuwa mdomoni tayari, nilikuwa na uhakika nalo kabisa.

Nikamwambia, "Subiri, wifi." Nikafungua ukurasa, nikaangalia, nikaangalia tena, ndipo nikamjibu.